Tangi ya Mama Haivuji

Nunguni, Jumanne

Mwende dadangu,

Tangu mwondoke kwenye mazishi ya Mama nimebaki hapa kwake na ukungu, na laptopu. Jirani ameniletea sahani ya muthokoi moto. Programu ninayoiandika ilikataa kufanya kazi siku mbili. Kompaila, ile inayoikagua programu na kuonyesha makosa, ililalamikia mstari wa mia mbili, nami nikapigana na huo mstari, kumbe kosa lilikuwa mstari wa tisa: kuna fanksheni, kipande cha programu, nilisahau kuipa kitu kimoja tu. Pale penye kosa kompaila ikanyamaza, ikaenda kulilia mbali.

Leo amekuja kutoa pole Musyoka, yule fundi tuliyekuwa tukimtuma kila Mama akipiga simu kwamba tangi inavuja. Nikamwuliza shimo lilikuwa wapi.

"Hiyo tangi haijawahi kuvuja," akasema. "Hata Mama nilimwambia. Akaniambia sawa, lakini kaa kwanza ule, halafu uniambie kama watoto wangu wamesema watakuja lini."

Mwende, tulimtuma fundi mara nne.

Wasalimie watoto, uwakumbatie sana. Na siku nikikupigia nikwambie simu yangu inasumbua, usiniulize habari ya simu. Njoo tu.

Ndugu yako,
Mutinda