Mkuu wa Chuo Anashauriana na Koti Langu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea marahaba mapema, naomba unisaidie kabla sijapata kichaa au kabla sijagundua kwamba nimeshapata. Mimi ni mzee wa matofali, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu na mimi tulichokana, nikafyatua matofali mpaka nikawa na kiwanda, na uzeeni nikajitia wazimu wa kuanzisha chuo kikuu, nikatoa ardhi, nikatoa matofali, wenye elimu wakaniletea mkuu wa kukiendesha, profesa mwembamba mwenye miwani, ambaye namwita Kijana ingawa ana wajukuu.

Tumefanya kazi pamoja tangu chuo kikiwa mashimo ya msingi, na utaratibu wetu ni mmoja, kila Jumatatu asubuhi nakwenda ofisini kwake, nakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, yeye anasema anataka maabara, mimi nasema hapana, namwuliza maabara hiyo ni ya kufuga panya au ya kuwachinja, ananieleza upya, nasema hapana, anakasirika na kufuta miwani, nasema hapana tena huku nacheka, halafu nakubali, na hivyo ndivyo lilivyosimama kila jengo pale, watu wakidhani tunagombana kumbe tuko kazini.

Basi nikaugua. Jumatatu ya mwisho kabla ya kulazwa nikalivua koti langu la kahawia, nikalitundika kwenye mgongo wa kile kiti, nikamwambia, "Nikiwa sipo, liulize koti. Linajua majibu yangu yote." Tukacheka. Hospitalini alikuja mara mbili, nikamwambia mama watoto amrudishe, maana nilikonda kama ufito.

Nilipopona nikaenda kule, mlango wa ofisi uko wazi kidogo, namsikia Kijana anaomba kubomoa karakana ya useremala ili ajenge ukumbi, na sauti inamjibu hapana. Nikadhani ana mgeni. Akaeleza upya, akajibiwa hapana. Pakawa kimya, kile kimya cha kufuta miwani. Ikaja hapana ya tatu na kicheko ndani yake, na kicheko kile, mshauri, ni changu, na kikohozi kilichokifuata ni cha kifua changu, kisha ikaja ndiyo. Nikasukuma mlango. Alikuwemo yeye peke yake, na koti kitini. Mabega yamejaa. Vifungo vimefungwa mpaka juu, na mimi sijafunga kifungo cha koti maisha yangu yote.

Hakushtuka. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kiti cha wageni. Nikamwambia karakana haiguswi, ndilo jengo letu la kwanza, wanafunzi wa mwanzo walijitengenezea madawati mle. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama jirani aliyedandia mazungumzo.

"Lakini Mzee ameshakubali," akasema.

Nikamwuliza mzee yupi. Akaelekeza kichwa dirishani.

Nikacheka, ndiyo silaha niliyonayo, nikaenda kulivaa koti langu niondoke nalo, na mshauri, mkono haukupita, uliingia mpaka kwenye kiwiko ukakutana na kitu cha uvuguvugu, kikanisukuma taratibu bila ugomvi, kama mtu aliye usingizini anavyomsogeza mwenzake kitandani. Nikaliacha. Nikarudi nyumbani na shati.

Tangu siku ile watumishi wa chuo wananisalimu ila hakuna anayeniuliza kitu. Nilipomsimulia mama watoto akasema afadhali hilo koti, lenyewe linashinda kazini. Jumatatu ijayo tingatinga linakuja kubomoa. Nikipiga kelele nitaambiwa mzee amechanganyikiwa, anaionea wivu nguo. Nikinyamaza karakana inakwenda, na Kijana anakwenda nayo, na rafiki mwingine sina, waliobaki nimewazika. Nifanyeje?

Ni mimi mwenye koti, au koti lenye mimi.

*

Mzee wa matofali, pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Habari za koti umenisimulia mpaka vifungo, lakini habari ya hospitali umeipitisha mbiombio kama mtu anayempita mkwe njiani. Mwenzako alikuja mara mbili ukamfukuza. Ulitaka arudi ofisini azungumze na nani? Ana chuo kichanga mikononi na rafiki yake hajulikani kama atapona. Ulimwachia koti, akashika ulichomwachia. Ule haukuwa wakati wa mzaha, baba.

Unashangaa limekubali. Kwani wewe umewahi kukataa? Hapana, hapana, hapana, kicheko, ndiyo. Tangu tofali la kwanza hujamkatalia mpaka mwisho hata siku moja. Koti halijakusaliti, limekuiga barabara. Hapana ya kweli halina, kwa sababu hukuwahi kuivaa.

Kama kweli mabega yamejaa au ni macho ya mtu aliyetoka kuugua, sitabishana nawe. Ninachojua ni kwamba kitu kikishapewa kiti hakiondoki kwa kuvutwa mkono. Kwa hiyo usilivute, usilichome moto, wala usilete mganga wa kulipunga pepo.

Usingoje Jumatatu, hiyo ni siku yake sasa. Nenda Jumapili mchana, nyumbani kwa Kijana wako, bila kumtuma mtu. Simama mlangoni akuone ulivyokonda. Mwambie ulimrudisha kwa sababu uliona haya, na kwamba ulikosea. Hilo kwanza, kabla ya jengo lolote.

Ndipo useme kuhusu karakana. Sema hapana mara moja tu, na usicheke. Kicheko kitakupanda kooni, kimeze. Akieleza upya, kaa kimya. Akifuta miwani, kaa kimya. Hajawahi kukuona hivyo, ataogopa kidogo, na mwache aogope.

Na wewe ukiwa umenyamaza hivyo, ukisikia nyuma yako mtu anacheka kwa kicheko chako na kukohoa kwa kifua chako, usigeuke. Mtazame rafiki yako machoni. Ni yeye atakayechagua amjibu nani, na hawezi kukuchagua wewe kama umeangalia pembeni.