Tumekosa Anga kwa Saa ya Nakonde

Jumamosi, Tunduma. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno, na nina hasira ambayo sijui nimtupie nani.

Leo tulikuwa na mahojiano, mimi na rafiki yangu Witness. Ni mashindano ya kimataifa ya sayansi ya anga za juu kwa wanafunzi wa sekondari. Timu ikishinda, jaribio lake linarushwa angani kweli, halafu wanafunzi wenyewe wanakwenda kuishi na kusoma na wenzao wa nchi nyingine. Mchujo wa kwanza tulishauvuka. Ilibaki kuongea na majaji kwa video, saa nane mchana, basi.

Wazo ni la Witness. Kwao Iyula wana kitalu cha kahawa, na tangu utotoni ameona kwamba mbegu hata ukiifukia kichwa chini, mzizi utajipinda tu ushuke. Akauliza: huko juu ambako hakuna chini, mzizi utakwenda wapi? Mwalimu wetu wa fizikia akasema, "Andikeni hilohilo." Mimi nilichangia Kiingereza na simu ya baba.

Simu ya baba!

Tulifika mapema, tukakaa nje ya kanisa lililo jirani na kafe ya intaneti ambako majaji wangetupigia, maana ndani ya kafe muziki ulikuwa unaunguruma. Nikajifanya jaji, Witness akawa anajibu. Alijibu vizuri mno, hata nikaona wivu kidogo. Kila nikitazama simu, bado tuna muda. Ilipobaki robo saa tukaingia.

Mwenye kafe akatushangaa. "Nyie mlikuwa wapi? Wale watu wamepiga weee, mpaka wamechoka! Nikawaambia kwa Kiingereza changu, weti, weti, wanakuja." Akatuonyesha saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tisa.

Simu ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia.

Aliyekulia hapa anajua. Ukisogea karibu na mpaka simu inahama yenyewe, na saa yake inarudi nyuma, kwa kuwa wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndiyo maana Tunduma mtu akikupa miadi unamuuliza kwanza, "Saa yetu au ya Nakonde?" Madereva wa malori wageni wakichanganyikiwa huwa nawacheka. Bibi yangu namrekebishia simu yake mimi! Ningekuwa mgeni ningejisamehe.

Tuliandika barua pepe palepale kueleza. Jibu limekuja jioni, la heshima tupu: wanasikitika, nafasi imeshapewa timu iliyofuata, tujaribu tena mwakani. Mwakani gani? Mwaka huu tunamaliza kidato cha nne. Mimi baba atanisomesha hata nikiteleza. Witness kwao wanategemea kahawa, na baba zake wadogo wameshaanza kusema binti amesoma inatosha. Safari hii ndiyo ingewafunga midomo. Alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili.

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, twende," akaenda kupanda gari la kwao.



Halafu, giza linaingia, simu ikaita. Mama yake Witness. Huyu ndiye aliyemruhusu mwanawe aache kuchuma leo, na kahawa zimeiva shamba zima. Nikajiandaa kusemwa.

"Mwanangu, poleni na mtandao," akasema. "Witness kanisimulia ulivyokatika. Si kosa lenu. Mungu atafungua mlango mwingine."

Nikajibu, "Asante, mama."

Asante! Ndilo neno nililoliona linafaa. Nimemkasirikia Witness kwa kunisitiri bila kuniuliza, na nimejikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu nilipumua.

Kesho nikitoka kanisani naenda Iyula. Nitachuma kahawa pamoja nao, na ukweli nitausema kabla sijakaribishwa chai. Mama yake akikasirika, sawa. Ila Witness je? Nikisema kweli, nitakuwa nimemfanya yeye aonekane muongo mbele ya mama yake, siku moja baada ya kumkosesha anga.

Nitaanza na nani?