Jina la Cyriaque Mlangoni

Bredäng, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Cyriaque,

Salamu nyingi kwako. U hali gani huko kaskazini, na hiyo baridi inakutendaje? Sisi hapa tu wazima, mimi na binti yangu Whitney, ila goti langu la kushoto limeanza kulalamika tangu theluji ianguke.

Hunijui. Naitwa Roselyn, Mkenya, nasafisha ofisi kule Kista. Nyumba uliyohama mwezi wa saba, mimi ndiye niliyeingia. Anwani yako nimeipata juzi kwa Mchungaji Édouard, baada ya kuuliza kanisa zima mpaka wakaniona mpelelezi.

Nina barua zako kumi na nne. Usiwe na wasiwasi, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilipohamia nilikuta jina lako mlangoni, nami nikaliacha palepale chini ya langu, maana wewe mwenyewe unajua, jina likitoka tu posta wanarudisha barua ilikotoka. Whitney, ambaye amezaliwa hapa Sweden na anajua kila kitu, kila wiki ananiambia, “Mamma, ta bort det,” yaani niliondoe. Namwambia hilo jina alikome. Barua ya mtu haifukuzwi mlangoni kama mbwa. Mwenyewe yuko, atazifuata. Nimezipanga vizuri kwenye kopo la biskuti juu ya friji.

Haya, nizitume au utazifuata?

Dada yako,
Roselyn

Gällivare, 21 Januari 2025

Dada Roselyn,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, na buti sijavua. Pole na goti. Mimi ni mzima, nasafisha mabweni ya wafanyakazi wa mgodi, na baridi ya huku tumeshazoeana.

Mungu akulipe. Mke wangu Darlène na binti yetu Alliance wako kambini Tanzania, huu mwaka wa tatu. Alliance ana miaka minne. Nilimwacha hajaanza kutembea. Mimi ndiye niliyewaombea kibali cha kuja, na nasubiri jibu. Watu wananiambia jibu huchukua hata mwaka na nusu, kwa hiyo nimetulia.

Nikuambie ukweli, watu wa uhamiaji sikuwapa taarifa kwamba nimehama. Huku nahamishwa bweni kila baada ya wiki chache, tunalala wanne chumba kimoja. Niliogopa wakiona sina nyumba watamkatalia Darlène. Anwani ya Bredäng ilikuwa na heshima, nikaiacha hivyohivyo.

Tafadhali, zenye taji la serikali zifungue, nakupa ruhusa. Kisha niandikie, usinipigie. Habari njema nikiisikia mbele ya hawa wenzangu nitalia, halafu watanicheka mpaka kiangazi.

Mdogo wako,
Cyriaque

Bredäng, 2 Februari 2025

Cyriaque mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimekaa nayo siku tatu. Jana nilikupigia, nikasikia sauti yako, nikakata. Ulikuwa unacheka na mtu.

Zenye taji zilikuwa tatu. Whitney amenisomea. Ya kwanza ni ya tarehe 9 Septemba: Darlène na mtoto walitakiwa wafike ubalozini Dar es Salaam tarehe 17 Oktoba kwa mahojiano, nawe uthibitishe. Ya pili, ya Oktoba mwishoni, wanauliza mbona hawakuonekana, na wanakupa siku kumi na nne ujieleze. Ya tatu ni ya tarehe 18 Novemba. Maombi yamekataliwa. Ulikuwa na wiki tatu za kukata rufaa.

Nimehesabu kwa vidole. Wiki tatu ziliisha kabla ya Krismasi, bahasha ikiwa juu ya friji na mimi nakaanga maandazi pembeni yake.

Ningeling'oa jina lako, barua ya kwanza ingerudi, nao wangejua hupo hapa, wangekutafuta. Nilidhani nakutunza. Whitney hajasema “nilikuambia.” Afadhali angesema.

Jina nimelitoa leo. Barua zote nimekutumia. Nawaandikia ile ofisi ya uhamiaji, nawaeleza kosa ni langu, na namba yangu nawapa. Nisamehe.

Dada yako,
Roselyn

Gällivare, 30 Machi 2025

Dada Roselyn,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi nipo.

Niwie radhi kwa kunyamaza. Nilikukasirikia wiki mbili nzima, halafu nikachoka, maana anwani niliificha mwenyewe.

Mwanasheria alijaribu. Wamejibu kwamba kutoa taarifa ya anwani ni kazi ya mwombaji. Barua yako waliisoma, wakaandika kwamba wanaielewa, na kwamba haibadilishi kitu. Naweza kuomba upya, ila sasa wanataka kwanza nyumba ya kuwatosha watatu na mshahara wa kuwalisha. Mimi nina kitanda cha juu.

Darlène sijamwambia. Kila akiuliza namjibu kwamba barua bado haijafika. Namba yako nilimpa zamani, nikiwa na furaha, nikamwambia kuna dada anayetupokelea barua. Akikupigia, nakusihi, mwambie hivyohivyo.

Mdogo wako,
Cyriaque

Bredäng, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Natumaini unakula. Goti liache.

Darlène alinipigia leo baada ya ibada. Ana sauti ya upole. Akaniuliza, “Dada, hakuna barua?” Nikasema bado. Mimi ambaye hufunga kila Ijumaa, nikasema bado, bila hata kukohoa. Akanishukuru. Akasema kila jioni wananiombea, yeye na mtoto, kwa kuwatunzia anwani.

Kisha akampa Alliance simu. Jirani yao alimfundisha kuhesabu Kiswidi. Akanihesabia polepole, ett, två, tre, hadi kumi, hakukosea hata moja. Akaniuliza, “Shangazi, nikijua mpaka mia, barua itakuja?”

Nikamwambia ajifunze.

Jumapili watapiga tena, na mtoto amesema atakuwa amefika thelathini. Niandikie, Cyriaque. Niambie nimjibu nini.

Dada yako,
Roselyn