Mgongo wa Khalti Nasra na Mgongo wa Mama

Jumatano, Ibra, Omani. Upepo unatoka upande wa Bidiya tangu asubuhi na mchanga umeingia mpaka kwenye meno. Nimefagia mara tatu, nimeacha. Moyo mzito.

Leo ni siku ya poda.

Kwa msioijua kazi yangu: natunza chumba cha mazoezi katika chuo cha wauguzi. Wagonjwa wangu ni wanasesere wa kimo cha mtu mzima, wenye ngozi ya silikoni iliyochorwa mishipa na mabaka mpaka unaweza kuapa damu inapita. Wako watatu. Mmoja ni mwanamke wa makamo, na wanafunzi wamempa jina Khalti Nasra, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo. Huyo ndiye wangu hasa.

Ngozi ya silikoni ukiiacha bila poda inanata. Inashika vumbi, nywele, nyuzi nyeusi za abaya za wasichana. Kwapani na chini ya matiti inajisugua yenyewe kwa yenyewe mpaka inachanika. Basi kila Jumatano namvua, namwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya watoto, namkausha kwa kumgusagusa na taula, kusugua haramu. Namwacha apigwe na feni. Akikauka kabisa ndipo nachukua wanga laini wa mahindi, usio na harufu, na brashi pana ya vipodozi. Kidogo kidogo. Shingoni, nyuma ya magoti, baina ya vidole. Ukimaliza unapitisha kiganja na hakikwami popote.

Najisifu? Najisifu. Mikono yangu ni mizuri kwa kazi hii. Wakija wageni, walimu huwaleta wamshike Khalti Nasra mkono, na wageni hushtuka wakasema mashallah, na mimi nyuma pale nimevimba kichwa.

Leo nimefika mgongoni, brashi mkononi, nikashindwa.

Nimekaa kwenye kiti cha wanafunzi nikalia kama mtoto. Ni kwa ajili ya jana. Wacha niandike, maana kumweleza mtu kwa mdomo siwezi.

Mama yangu alikuwa muosha maiti. Hapa Ibra, kwetu sisi watu wa Unguja, akifa mwanamke alikuwa anaitwa yeye. Hakukataa hata siku moja, joto la mwezi wa saba, homa, mfungo, alikuwa anakwenda. Miaka miwili sasa kiharusi kimemchukua upande wa kushoto. Maneno yamerudi, alhamdulillahi. Mkono na mguu bado.

Kumwosha ilikuwa kazi ya Mwajuma, dada wa Tanga anayekaa nasi. Mimi nilileta dawa, nikapika uji, nikakaa kitandani kupiga soga. Kumvua nguo, hapana. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Mama ataona haya mbele ya mwanawe. Uwongo mtupu. Aliyekuwa akiona haya ni mimi.

Jumapili Mwajuma kaenda kwao kumwoza binti yake, mwezi mzima. Siku mbili nikampangusa Mama uso na mikono, nikajidai nimemaliza. Jana nikasema khalas, basi tena, leo naosha. Tena nikaingia kwa mbwembwe. Nilibeba kutoka kazini brashi mpya na kopo la wanga. Nilisema moyoni, wallahi leo Mama ataona binti yake fundi.

Nilimvua nguo zote. Zote. Sikumfunika hata kitambaa, kwa sababu Khalti Nasra hulala hivyohivyo mbele yangu na sijawahi kumfunika. Nikaweka mkono mmoja begani, mmoja nyongani, nikamvuta ubavu. Vizuri kabisa, kama kitabu kinavyotaka. Wala sikufungua mdomo. Mama akashtuka, akashika chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima, akapiga ukelele. Mimi nikaendelea. Nikampangusa, nikamgusagusa na taula, nikachovya brashi.

Akaipiga brashi ikaruka. Wanga ukamwagika kitandani, ukashikana na jasho, ukawa donge shingoni kwake.

"Maiti nilikuwa nikimwambia," alisema. Pumzi zinamwenda mbio. "Maiti, Zuwena! Nikimwambia, bibi, nakugeuza ubavu wa kulia. Bibi, haya maji. Na kanga nikimfunika, mkono wangu ukipita chini ya kanga, macho yangu hayamwoni. Wewe mimi umenifanya nini?"

Nikainama kuiokota brashi.

"Nipelekeni kwa Salma," akasema, na akageukia ukuta.

Salma ni dada yangu, yuko Maskati, ghorofa ya nne, mchana kutwa yuko ofisini. Mama akienda kule atakaa na televisheni na mtumishi asiyejua neno la Kiswahili. Hatarudi, najua hatarudi. Lakini kataka mwenyewe, nami nikapiga simu. Salma hakunilaumu. Alisema atakuja Alhamisi, yaani kesho, na gari kubwa. Afadhali angenilaumu.

Basi leo ndiyo nilikuwa nimekaa pale chuoni, Khalti Nasra kalala kifudifudi, nusu ya mgongo ina poda na nusu haina. Ukutani juu ya kitanda chake kuna karatasi ya mtihani, na sharti la kwanza ni hili: msalimie mgonjwa, jitambulishe, mwambie unachotaka kufanya. Msichana asiyemsalimia mwanasesere anapoteza alama. Nimewacheka sana hao wasichana, wanavyobabaika, "assalamu alaikum khalti, mimi naitwa fulani." Mimi mwaka wa tisa namwogesha na sijamwambia neno. Hahitaji, mpira ule. Lakini mikono yangu imejifunza nini miaka yote hiyo? Imejifunza kwamba ngozi ni ngozi.

Na bado hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni aibu zaidi. Jana nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nikinyamaza, yule ni mgongo tu, ni kazi, nazijua hatua zake. Nikisema "Mama," basi ni Mama, na amekonda namna ile, na anakwenda. Sikutaka kujua kwamba anakwenda.

Saa tisa nilikuwa nyumbani. Sikuvua hata abaya. Nilisimama mlangoni kwake.

"Shikamoo Mama."

Mama yangu hajawahi kuacha shikamoo ya mtoto ikaanguka chini. Leo kaiacha.

Nikasema, "Mama, ni mimi Zuwena. Jana nilikukosea. Nataka kukuosha, ukiniruhusu. Usiporuhusu nitakaa hapa tu."

Nikakaa. Adhana ya alasiri ikaisha, bado nimekaa. Mwishowe akauliza, huku kautazama ukuta, "Maji yakoje?"

Nikauchukua mkono wake nikautia kwenye beseni. "Moto," akasema. Nikaongeza ya baridi. "Bado." Nikaongeza tena. Nikatandaza kanga toka kifuani mpaka magotini ndipo nikaanza kumvua chini yake, na kila ninachofanya nakisema. Mama, nanyanyua mkono wako. Mama, hii taula. Mama, nakwenda kukugeuza kulia, shika chuma, moja, mbili. Nikawa naongea mbio.

"Polepole," akasema. "Mimi mgonjwa, si kiziwi." Nikacheka na machozi yananitoka.

Pale chini ya mgongo, juu ya mfupa, pamekuwa pekundu. Nikapabonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Kazini nina vidonda vya bandia, vile vya kulala sana kitandani, vya kumbandikia Khalti Nasra pale pale, nambari moja mpaka nne kwa ubaya, na hii naijua ni moja. Nambari moja juu ya mama yangu, na mimi ndiye mtaalamu wa ngozi! Jana ningeitia poda nikapita. Leo nikamwambia.

"Pekundu kiasi gani?" akauliza.

"Kama sarafu, Mama. Hapajachubuka. Sipaki poda. Nitakugeuza kila baada ya saa mbili na tutamwita muuguzi wa kituo cha afya apaone."

Akaachia chuma cha kitanda. "Mwambie Salma kesho aje kula," alisema. "Mpikie pilau. Gari lake lirudi kama lilivyokuja."

Nilidhani yameisha. Nilikuwa namfunga kanga kavu, akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, ambao una nguvu bado.

"Siku yangu ikifika usimwachie mtu. Unioshe wewe. Na uniambie vilevile, kila kitu."

"Inshallah, Mama."

"Sitaki hiyo inshallah ya kunikwepa. Sema."

"Nitakuosha, Mama, inshallah. Nitakwambia."

"Marahaba," akasema, na akafumba macho.

Sasa amelala ubavu wa kushoto, na mimi naandika huku natazama saa, maana zimebaki dakika kumi nimgeuze. Nitamwambia kwanza. Hilo nimeliweza leo kwa sababu ananijibu, ananisuta, ananiambia maji ni ya moto. Siku ile nitasema "Mama, nakugeuza ubavu wa kulia" na hakutakuwa na jibu, na itanibidi niseme la pili, na la tatu, mpaka mwisho.

Nimeahidi. Sauti hiyo nitaitoa wapi?