Picha ya Viola Bado Iko kwenye Kompyuta Yangu

Mpendwa Mama Suad, naomba msaada, hii siri imenishinda kubeba. Mimi ni mpiga picha hapa Kiminini, na printa yangu inatumia utepe wa wino ambao kila ukitoa karatasi moja kipande chake kizima kimekwisha, hata kama picha imejaza nusu tu, kwa hivyo nikajizoesha kungoja mpaka nipate picha mbili ndogo ndiyo nizitoe pamoja, na nikajisifu kwamba kwangu hakitupwi kitu.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, akaja mama mmoja wa Matulo, Nabwile, amefiwa na binti yake Viola, na picha ya pekee ya msichana ilikuwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, inazimazima, akaniambia, "Mwanangu, nitolee moja tu, ndogo, ya kuweka juu ya jeneza Jumamosi," nami nikaihamisha kwenye kompyuta, nikamwambia arudi kesho, nikingoja mteja wa kujaza ile nusu nyingine.

Hakuja mtu. Ijumaa nikaona ujanja, nikachukua karatasi ya zamani iliyotumika nusu nikairudisha ndani ya mashine, angalau nisipoteze karatasi mpya, ikakwama, utepe ukakatika, na huyo mama akaingia nikiwa bado navuta vipande. Niliona haya. Nikamwambia, "Mama, picha iliharibikia kwenye simu yako. Haifunguki." Na simu yenyewe ilikuwa imezima kabisa asubuhi hiyo, kwa hivyo aliniamini.

Alikaa sakafuni. Akasema, "Ni mimi. Niliiangusha kwenye maji nikimwosha mtoto hospitalini."

Viola alizikwa bila picha. Sasa ni miezi minne, printa ilitengenezwa, utepe uko, picha iko, na kila nikitaka kuitoa naogopa atajua nilimdanganya. Juzi jirani yake alipita hapa akasema Nabwile hali chakula vizuri, ati hataki hata kushika simu. Nifanye nini?

Phelista, Kiminini

*

Phelista,

Nimekuhurumia, lakini kwanza nimekukasirikia. Kubana wino si dhambi. Wenye studio wengi wanafanya hivyo, na wewe ulikuwa na njia rahisi mbele ya macho: ungejaza nusu ya pili kwa picha ileile ya Viola, mama apewe mbili, na hakuna ambacho kingetupwa. Na karatasi iliyokwisha kupita kwenye mashine hairudishwi, hilo unalijua. Haya ni makosa ya kazi, mtu hujifunza.

Ule uongo ndio mbaya. Ulimchukua mzazi anayezika mtoto ukamtwika kosa lako, na kwa miezi minne umemwacha aamini ni mikono yake iliyomfuta binti yake. Halafu unaniambia unaogopa!

Leo hii, kabla ya kufungua kwa wateja, weka nakala ya picha hiyo mahali pengine, maana kompyuta nayo hufa. Itoe kubwa, karatasi nzima. Usimtume mtu, usimpigie, usibebe unga wala sukari ya kukufunika aibu. Nenda Matulo mwenyewe, na kabla hujaketi mwambie: "Mama, simu yako haikuharibu picha. Nilikudanganya."

Kisha nyamaza, umsikilize, hata akilia, hata akikutukana mbele ya majirani. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Akikufukuza, acha picha mezani, uondoke.

Mama Suad