Maktaba ya Msimamizi

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila goti la baba linamsumbua. Macho yako yanaendeleaje?

Nakuuliza wewe uliyefundisha chuo hadi ukastaafu. Natafuta programu ya kutunza marejeo ya tasnifu yangu, ile inayohifadhi makala ninazosoma pamoja na maoni yangu. Moja inakaa kwenye kompyuta yangu. Nyingine iko mtandaoni, na msimamizi wangu anataka wanafunzi wake wote tuingie humo, maktaba moja, akaunti yake. Nichague ipi?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho hayajambo, maana hatari iliyomo kwenye barua yako nimeiona bila miwani.

Chagua ya kwenye kompyuta yako. Kabla hujahamia kwa mtu, uliza utatokaje, na kama utatoka na mizigo yako. Msimamizi mwambie kwa adabu, ila mwambie.

Shangazi yako

20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani salama. Asiye salama ni mimi, nina hasira.

Sikukusikiliza. Niliogopa atanikwamisha, nikaingia kwenye maktaba yake, nikaweka humo kila nilichosoma kuhusu kelele za madarasani. Mwezi uliopita nilimwomba nakala ya maoni yangu. Akanitoa kwenye maktaba, eti anafanya usafi. Leo makala yake imechapishwa: maoni yangu sentensi kwa sentensi, jina lake. Nilipomfuata alicheka. "Maktaba ni ya kundi, bibie." Kundi gani hilo lenye jina moja?

Mwanao

24 Septemba

Mwanangu,

Hali sikuulizi, umeshanieleza. Mtu mzima hovyo. Nimefanya kazi na watu wa aina hiyo, wananenepa kwa jasho la watoto wa wenzao.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Umeshavunjika, sasa tutibu. Nenda kwa mkuu wa kitivo. Ile programu ya kwanza iweke leo, kisha soma upya kila kitu. Najua inauma.

Shangazi yako

15 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumai hujambo.

Mkuu wa kitivo alitaka ushahidi, na ushahidi wote uko kwenye akaunti ya yule yule ninayemshtaki. Nilitoka ofisini nikilia kwa hasira. Basi nikaanza kusoma upya, safari hii kwenye kompyuta yangu.

Juzi nikafika kwenye utafiti ambao ndio uti wa mgongo wa makala yake. Shangazi, maoni yangu yalikuwa na kosa. Nilichanganya safu mbili za jedwali, nikaandika kwamba kelele huwaathiri zaidi watoto wakubwa, kumbe ni wadogo. Yeye jedwali hakulifungua hata mara moja. Kosa langu amelichapa lilivyo, na sasa wasomi wenzake wanamwandikia kumuuliza amesoma nini.

Jana aliniita, akafunga mlango. Sauti ilikuwa laini. Ananiomba nikubali kwamba maneno yale niliyaandika mimi.

Nimemwambia aliandike ombi hilo, asaini, nami nitalipeleka mwenyewe kwa mkuu wa kitivo.

Mwanao