Pikipiki Niliyoogopa Kuizima

Mjukuu wangu Zuberi,

Marahaba. Huku Mzenga tu wazima, bibi yako anapalilia mihogo na kunisema. Unauliza utoboe eksozi ya pikipiki yako ingurume, ufunge na taa kubwa? Yangu niliifanyia hivyo mwenyewe uani, enzi za Mwingereza, na toka Kisarawe mpaka Kibaha hakuna aliyenipita! Ila taa ile ya lori ilikula betri, nikiizima pikipiki haiwaki tena.

Siku moja baba alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia jambo huku injini inanguruma.

"Sema kwa nguvu, mzee!"

Akasema tena. Sikusikia, nikaitikia kwa kichwa, nikaondoka. Niliporudi siku ya tatu nikakuta wameshamzika.

Toboa ukitaka, ila funga taa ambayo betri inaiweza. Mimi mpaka leo sijui nilimkubalia nini.

Babu yako